Gauni la Aliyetulia

Hiace ilipotoka Bunda, Tausi, mwenye duka la magauni ya harusi Mwisenge, alimwona binti wa pembeni amepakata gauni jeupe. Mwezi mzima hajauza hata moja, akashindwa kunyamaza.

"La mtumba hilo, mwanangu. Mnatufungisha maduka."

Binti, Wankyo, akacheka. "Ya kwenu bei kali, mama. Ila hili linanirudisha kwa muuzaji. Nyumbani wanaogopa mkosi, wanauliza kama aliyelivaa bado yuko kwa mumewe, na muuzaji hamjui huyo aliyelivaa."

Tausi mabibi harusi wake anawajuaga wote, mpaka waliorudi kwao.

"Nikikuuzia lililovaliwa na mtu aliyetulia, utachukua?"

"Hata leo."

Hiace ikasimama stendi. Tausi akashuka na simu sikioni, akimpigia bibi harusi wake wa zamani. "Rhobi, mama, hamjambo? Eti, na Clementi bado mko pamoja?"