Kamati ya Kukagua Chevelle

Hapa Irving, ughaibuni, nje ya duka la Immaculate linalouza unga wa ugali na dagaa, kuna benchi ambalo hakuna anayejua nani aliliweka. Jumamosi tunakaa hapo wanaume tusio na zamu, Immaculate anatutolea chupa ya kahawa ya tangawizi, na sisi tunaitengeneza dunia. Mimi nabeba mizigo uwanja wa ndege, sina subira na maneno mengi, lakini benchi sijaliacha. Jumamosi ile Absalom, nesi wa ICU tunayemwita Gavana kwa sababu ya tai zake, alikuwa anabadilishana gari. Anatoa Camry ambayo mkewe Everline huendea kazini Fort Worth, anapokea Chevelle nyekundu ya mwaka 1970 iliyotengenezwa upya ikang'aa. Mwenyewe, mzee wa Kizungu kutoka Weatherford, alikuwa aje nayo mchana huo huo. Everline alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, na jioni ana zamu nyingine. Hajaambiwa kitu. Camry ilikuwa mbele yetu, na ufunguo unazunguka kidoleni mwa Gavana.

Mimi: Una hakika ni lenyewe? Watu wanachukua gari la kawaida, wanabandika nembo za lile la bei, wanapaka rangi, wanakuuzia jina.

Gavana: Wee! Mimi si mtoto. Nilienda na kamati.

Basi presha yangu huanzia hapo. Wakenya wawili wakimpata Mkongo mmoja, tayari ni kamati. Pamoja na Gavana alikuwepo Sheldon, wa ofisi ya bima, tunayemwita Wakili kwa kuwa alisoma sheria muhula mmoja. Na Florent wa Bukavu, mfanyakazi wa ghala kule Carrollton, aliyeitwa Mécano, yaani fundi, siku alipobadilisha wiper. Jumamosi iliyopita walikwenda Weatherford kukagua, mimi nikiwa kazini.

Wakili: Gari kama hii inajulikana na namba, boss. Namba ya injini na namba ya bodi lazima zioane. Na zilioana. Nilichukua ile ya kwa logbook nikalinganisha na ile ya kwa tangazo. Sawasawa!

Mimi: Karatasi na karatasi.

Wakili: Si ndiyo ushahidi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mécano: Namba! Weye unaamini namba? Mi mama alinizaa wakati wa mavuno ya maharage, lakini kwa makaratasi ya camp ya wakimbizi waliandika premier janvier, tarehe moja mwezi wa kwanza. Clothilde, bibi nilioa, premier janvier. Baba mukwe, premier janvier. Camp muzima tulizaliwa siku moja! Motoka inajulikana na harufu.

Mimi: Harufu ya nini?

Mécano: Tumbaku, mafuta ya essence, jasho ya wazungu ya zamani. Niliingiza kichwa ndani, nikavuta. Vraiment, nikasikia vita ya Vietnam.

Wakili: Harufu inauzwa kwa chupa, buda. Mimi nilibisha mlango wa gari. Chuma ya kitambo inalia kama kengele ya kanisa, hizi za siku hizi ni sufuria. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

Mimi: Si hapo umesema limeundwa?

Wakili: Si ndiyo nasema!

Gavana: Nyinyi wote hamjui. Hii gari ilinitambua. Nilipogusa usukani, nywele zilisimama.

Mimi: Nywele zipi, Gavana?

Gavana: Za mkono! Kizuri chajiuza, ndugu yangu.

Mécano: Ni kweli. Motoka ya ukweli inakumbukaka bwana yake wa kwanza. Ukiwa mutu mubaya, kiti inakukatala. Gavana alikaa, kiti ikanyamaza.

Wakili: Na kutu! Nilikwangua kidogo chini ya mlango, nikaonja. Kutu ya sabini ina uchachu wake.

Kahawa ilinipalia. Mtu mzima, kitambulisho cha ofisi shingoni, ameonja kutu!

Hapo akatoka dukani dada mmoja, Naserian, aliyehamia wiki ile kutoka Alief kule Houston, na mfuko wa unga mkononi. Alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza.

Naserian: Poleni kuwaingilia, wazee. Hizi gari si ndizo zile hunguruma mpaka madirisha yanatetemeka? Hiyo yenu ikiwashwa inanguruma aje?

Wakili akamtazama Mécano. Mécano akamtazama Gavana. Gavana akatazama viatu vyake.

Mimi: Mliiwasha?

Wakili: Hiyo ilikuwa kazi ya Mécano.

Mécano: Ah non! Porte-parole, musemaji, ni weye!

Mimi: Angalau boneti mlifungua?

Yote yakamwagika. Kumbe walifika wakakuta meza imetandikwa. Mke wa yule mzee amepika nyama ya brisket na mkate wa mahindi. Kabla ya kula mzee aliwashika mikono, akaomba, akamtaja hata Everline kwa jina.

Wakili: Sasa mtu amekuombea amekushika mkono, utamwambia fungua boneti tuone kama unadanganya? Hata kwa wakwe, siku ya kwanza ni kujitambulisha tu. Maswali ni siku ya pili.

Mimi: Na siku ya pili ni lini?

Wakili: Si… leo.

Nilikasirika, sifichi. Everline anageuza wagonjwa kule Fort Worth usiku kucha, na hawa wamekwenda kuposa gari!

Mimi: Gavana, tia huo ufunguo mfukoni.

Pickup ilikuwa inaingia inavuta trela, na juu yake Chevelle nyekundu kiasi kwamba hata Immaculate alitoka dukani. Mzee akashuka na mkewe, akavua kofia, akatusalimia mmoja mmoja. Gavana akanifinya mkono ninyamaze. Nikamwuliza mzee, kwa adabu zote, kama linawaka.

Hakukasirika. Alisema rangi ni kazi yake, viti ni kazi yake, lakini injini ni ya marehemu kaka yake, hajagusa hata nati. Haijawaka tangu kaka yake afariki. Wenzangu walimwambia wanataka original, akaogopa kuwaharibia. Kama tumebadili mawazo, alisema, hakuna ubaya, atarudi nalo nyumbani.

Mlango wa kujitoa ulikuwa wazi kabisa. Sote tukamgeukia Gavana.

Gavana (akimchekea mzee, akisema nasi kwa Kiswahili): Nimekula kwake. Ameniombea. Nitamrudishaje mtu mzima na barabara yote hiyo?

Mimi: Na Everline?

Akamkabidhi mzee ufunguo kwa mikono miwili.

Kamati ikavua makoti ikaishusha Chevelle, ikaisukuma mpaka kando ya Camry, Wakili akihema, Mécano akiwahesabia un, deux. Camry iliwaka mara moja. Mke wa mzee akatupungia mkono, akaondoka nayo nyuma ya pickup.

Gavana akanivuta pembeni.

Gavana: Ndugu yangu, leo saa moja jioni uko off?

Mimi: Niko off. Everline nitampeleka, na nitamrudisha asubuhi. Lakini kumwamsha na kumwambia ni wewe, na ni sasa hivi.

Akafungua mlango wa Chevelle, akaingia, akaufunga, akakaa humo ameshika usukani.