Fishi ya Rosette

Asubuhi ile Shukuru, dereva wa moto, ile pikipiki ya kubeba watu, alifika kwenye benchi yetu ya mtaa wa Birere, mbele ya termosi za Mama Jamila muuza kahawa, akakaa bila kusalimia mutu. Muke wake, Rosette, ana mimba ya miezi saba. Jana, kule sentre ya afya, walimwambia damu yake ina sukari nyingi. Kisha wakamuomba ruhusa: fishi yake, ile karatasi ya vipimo, isomwe pamoja na fishi za wamama wa inchi nzima, ule ugonjwa ujulikane vizuri.

— Leo wanangoja jibu, Shukuru alisema. Na mimi sijaelewa kitu.

Muzee Yuma tunamuita Gavana, ingawa hana cheo, ana sauti tu.

— Akatae! Wanataka kujua tunakunywa chai ya sukari ngapi. Kesho bei inapanda!

— Gavana, ni ugonjwa, haiko soko, Shukuru alisema.

— Wazee walisema damu ni nzito kuliko maji. Ya Rosette imekuwa nzito. Basi!

Habineza aliwahi kufagia hospitali miaka miwili, kwa hiyo ni Docta.

— Hapana. Sukari ni ya mutoto. Anakula yeye, anaandikwa mama. Wanasoma fishi zote wapate mutoto wa kwanza aliyeleta ile tabia. Na mficha uchi hazai!

— Docta, Rosette amekwisha kubeba mimba! Mama Jamila alisema.

— Ndiyo nasema!

Shukuru akashika kichwa.

— Mimi nauliza tu kama atapona.

— Walimwambia nini? Mama Jamila akauliza.

— Arudi kila juma wapime. Apunguze vitu vya sukari.

— Basi arudi. Hayo mengine ni kelele.

Mama mumoja tusiyemjua, baadaye tulisikia anaitwa Emerance, alikuwa amesimama na kikombe chake, anasikiliza.

— Mimi pia nilikuwa na hiyo sukari, alisema. Kule kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Walipima mara moja, wakaandika. Juma lile lile vita ikatukimbiza, fishi ikabaki kwenye hema. Mutoto alizaliwa na kilo tano. Aliishi siku mbili.

Gavana akavua kofia.

— Pole, mama.

— Asante, papa. Sasa niambieni. Hao wanaosoma fishi, mimi na mutoto wangu watatuhesabu wapi?

Mama yule alingoja kweli. Hakuuliza kwa mchezo.

Shukuru akawasha moto yake.

— Mama, panda. Twende umuambie Rosette hayo yote, mbele hajawapa jibu.