Risala ya Ukuta wa Mama Nieves

Mgeni rasmi, dada yetu Nilda Poma. Mwenye jengo, Mama Nieves Apaza. Majirani wa Villa Lirios, pamoja na ninyi mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti: tunawasalimu nyote.

KUKARIBISHA

Karibu nyumbani El Alto. Tumesikia kwamba jana uliposhuka kwenye ndege hewa yetu nyepesi ya milimani ilikuumiza kichwa, wewe uliyezaliwa hapa hapa. Tulipoambiwa hatukucheka sana. Chai ya majani ya koka iko tayari mezani.

Koti lako ni zuri. Akina mama walipokushika mkono mlangoni usidhani walikuwa wanakusalimu tu. Walitaka kujua kitambaa. Na kabla hujafika tulimwagia Mama Ardhi bia kidogo ili siku iende vizuri. Kwa wasiwasi tuliokuwa nao, tukamwongezea.

Mgeni rasmi, risala hii ilipaswa kusomwa na mwenyekiti wetu, Casilda Tarqui. Amekataa. Alisema, "Mkinipa hiyo karatasi nitasoma yasiyoandikwa." Basi ameketi pale safu ya pili, mwenye kofia ya kahawia, anatazama dari. Yanayomhusu ametuachia tuyaseme, tena tusiyapake sukari.

HISTORIA YETU

Umoja wetu ulianzia kwenye kile chumba cha ng'ambo ya barabara, wewe na Casilda mlipokipanga pamoja. Jengo hili lilikuwa nondo na matofali. Mafundi wakipandisha ghorofa, ninyi mnachora. Sisi wengine tulikuwa tunafundishwa kuchora zabibu na farasi, vitu ambavyo mtaani kwetu havipiti. Ninyi mkatuambia, "Acheni farasi, tazameni dirishani." Tukaja mmoja mmoja: mfumaji, mfinyanzi, wachonga mbao, na wachoraji ambao hatukuwa na mahali pa kukaa zaidi ya kitanda chenu.

Ikafika siku jengo lilipovuliwa miti ya ujenzi. Tukaona rangi ya chungwa, kijani, yale madirisha ya duara na mikunjo ya lipu kuyazunguka. Casilda aliacha uji wake wa mahindi ya zambarau ukaganda kikombeni. Mmoja wenu akasema, "Tazama, madirisha yamevaa sketi za marinda kama mama zetu wakienda kucheza ngoma."

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyotulisha sote. Tangu hapo tukaacha kuchora nyumba kama nyumba. Tukazichora zikicheza, zikijitanda shali, zikisengenyana barabarani.

Ni nani aliyeisema? Casilda anaapa ni yeye. Wewe, tunasikia, unaapa ni wewe. Sisi tulikuwepo chumbani, tumekaa kitandani, na hatukumbuki. Tumejaribu. Mfinyanzi wetu anasema ilikuwa sauti ya mtu mwenye mafua, na siku hiyo mlikuwa na mafua nyote wawili.

MAFANIKIO

Tuanze na yako, maana ndiyo yaliyotuleta hapa. Ulikwenda Madrid kusoma, ukabaki. Ukashona madirisha ya vitambaa makubwa kuliko nyumba, marinda juu ya marinda, ukayaning'iniza kwenye kumbi ambazo watu hupita wakinong'ona. Tumeona picha. Ni mazuri, dada. Tungependa yawe mabaya.

Na yetu yapo. Casilda anapaka dari za kumbi za dansi mji mzima. Kazi yake watu huiona vizuri wakishalewa na kuanguka chali. Kuna bwana harusi mmoja alilala sakafuni hapa akimwambia mkewe, "Mama, tazama, mbingu imevaa sketi!" Hayo ndiyo maoni ya wahakiki tuliyonayo.

Siku mahojiano yako yalipotoka gazetini tulikuwa na Casilda. Mwandishi alikuuliza wazo la madirisha ulilipata wapi. Ukajibu, "Kutoka kwenye jengo." Casilda alisoma mara mbili, akalikunja gazeti, akalikalia.

"Kutoka kwenye jengo!" akasema. "Jengo lina mdomo? Jengo lilikuwa linalala na yeye kitanda kimoja, linamkandia mgongo akikohoa?"

Tukamwambia, "Casilda, huo ni wivu."

"Ndiyo," akasema. "Mlidhani ni nini, njaa?"

Akaenda kazini. Siku hiyo alipaka dari nyekundu tupu, hadi mwenye ukumbi akamuuliza kama kuna msiba.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni huu ukuta ulio nyuma yako, uliofunikwa pazia.

Casilda ameuomba kwa Mama Nieves tangu ukumbi huu ulipopakwa lipu. Kila alipokuja kurekebisha dari aliuomba. Mama Nieves, mbele yako hapa hatukuvunjii heshima, lakini ulimjibu, "Binti, ukuta wangu si wa kujifunzia." Halafu mwezi uliopita ukatutangazia kwa furaha kwamba ukuta umemtunzia Nilda Poma, naye anakuja kuuona.

Casilda alikwenda nyumbani akamenya viazi vya familia nzima na vya jirani. Alituambia baadaye kwamba alijiona kama mtu aliyechumbiwa miaka yote na mwanamume mmoja, kisha akaalikwa harusini kwake kuja kupika.

Ukumbi ulipofungwa kwa matengenezo, yeye alikuwa na ufunguo kwa sababu ya dari. Mchana kweupe akaingia na ndoo zake. Tulipopata habari tulikuja mbio kumzuia.

"Shuka hapo!" tukamwambia. "Mama Nieves atatufukuza sote."

Hakugeuka. "Nani ana mkono mzuri wa kijani?" akauliza.

Mgeni rasmi, tulikuja kumzuia na tukaondoka na rangi mpaka masikioni. Hatutamtupia lawama yeye peke yake. Na sisi tulikuwa tumeona picha za Madrid.

Leo asubuhi ulikuja mapema bila kutuambia, ukamkuta juu ya ngazi anamalizia. Tulikuwa mlangoni, tulisikia. Ulitazama ukuta wote, upande hadi upande, kisha ukamuuliza, "Casi, mimi umeniachia wapi?"

Akakujibu, "Sikukuachia."

Ukageuka ukatoka. Mpaka sasa hatujui unafikiria nini.

MAOMBI

Mama Nieves amegundua saa ile ile uliyogundua wewe. Amesema, kwa maneno ambayo hatutayasoma hapa, kwamba chokaa iko tayari, na kwamba mgeni rasmi ndiye atakayeamua. Kwa hiyo tunaomba...

Hapo Wilmer Laruta, katibu wa umoja, aliyekuwa anaisoma risala, akanyamaza. Nilda Poma alikuwa ameinuka. Hakusubiri maombi. Alikwenda ukutani akalivuta pazia mwenyewe.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mtaa wao ulikuwa pale ukutani, nyumba zote zimeshikana mikono zikicheza, marinda yamepepea hadi kwenye kona za dari. Casilda, safu ya pili, alishika ukingo wa kofia yake kama mtu aliye kwenye upepo. Alitaka Nilda ausifu. Alitaka pia auchukie, ili yeye Casilda apate sababu ya kuendelea kumchukia.

"Chokaa hapana, Mama Nieves," Nilda akasema. "Ukuta ubaki."

Watu wakapiga makofi. Casilda akaanza kuvuta pumzi yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Ila madirisha ya ghorofa ya tatu amekosea," Nilda akaendelea. "Na lile neno la sketi nililisema mimi."

"Muongo!" Casilda alikuwa ameshasimama. "Muongo mkubwa, mbele ya mama yako mkubwa aliyeketi pale!"

"Nilisema nikiwa nimeshika taulo!"

"Taulo lilikuwa langu! Na ghorofa ya tatu utaijua wapi, wewe uliyekuwa unakaa upande wa jiko? Miaka yote hiyo uliona moshi tu."

"Afadhali moshi," Nilda akasema. "Mimi kule nina vijana wa kunishonea, Casi. Brashi sijaishika kwa mkono huu sijui tangu lini. Nimesimama hapa asubuhi nikatamani nikusukume uanguke."

Casilda akamtazama. Alikuwa ameusubiri wivu huo kwa miaka, akidhani ukija utakuwa mtamu. Ulikuwa na ladha ya kawaida tu, kama wake.

"Ungenisukuma," akasema, "na kijani nani angekimalizia?"

Nilda akavua koti, akampa mama wa karibu, ambaye alilipokea kwa mikono miwili na kuanza kukagua bitana. Akavua viatu. Akaipanda ngazi.

"Hiyo brashi ya pembeni ni ngumu, chukua nyembamba," Casilda akapiga kelele akipita katikati ya viti. "Nyembamba, nimesema! Nilda! Usiguse kijani changu!"

"Mkiharibu sakafu yangu mtaipangusa kwa sketi zenu," Mama Nieves akasema, lakini alikuwa ameshaagiza supu iletwe.

Wilmer alitazama karatasi yake, akaruka maombi yote kwa kuwa hayakuwa na kazi tena, akasoma mwisho kwa sauti kubwa kushinda ule ugomvi wa juu ya ngazi:

Mgeni rasmi, Mungu akulinde njiani na Mama Ardhi asikusahau popote utakapokanyaga. Akupe macho mazuri na mikono isiyotetemeka, na sisi atupe kiasi hicho hicho au zaidi kidogo.

Ni sisi, wenye wivu na wewe,

Umoja wa Wachoraji wa Villa Lirios, El Alto.