Alama Kwenye Goti Zima

Treni ilipotoka Dandora, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akijisifu kwa jirani yake. Mumewe, Masinde, angepasuliwa goti la kushoto asubuhi hiyo. "Madaktari huchoka, dada. Kwa hivyo nimemchorea X kubwa kwenye goti la kulia, wajue hilo wasiliguse."

Jirani, mwanamke wa hijabu aliyekuwa akisinzia, alifungua macho. "Mama, mimi ni nesi wa thieta, chumba cha upasuaji. Kwetu alama huchorwa mahali pa kukata."

"Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua X ni kukosa!"

"Huyo mtoto hashiki kisu. Mzee akishalazwa usingizi na dawa, nani ataeleza ulichomaanisha? Piga simu."

"Unanitisha bure," mama alisema, lakini mikono yake ilikuwa tayari inatafuta simu. Ya Masinde ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa nimeacha kujifanya natazama dirishani.

Mama alipiga simu ya sista wa wadi. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena, akaweka spika, akamuulizia mumewe. "Masinde? Ameshapelekwa thieta," sauti ikajibu.

Nesi akaichukua simu. "Sista, kimbia! Goti la kulia lina alama, na si lenyewe. Ni la kushoto!"

"Ngoja hapo hapo!"

Treni ikasimama Makadara, milango ikafunguka. Katika behewa letu hakuna aliyeinuka. Tulikuwa tukisikiliza simuni viatu vya mtu akikimbia kwenye korido.