Mzaha wa Dakta Celestin

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mchungaji wa usharika, Mwenyekiti wa kijiji, wazee wangu wa Igurwa, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, nawe Ankunda, mjane wa mwenzetu, nawasalimu nyote.

Leo tunafungua shamba hili la miche safi ya migomba, lililopewa jina la marehemu Dakta Celestin Kakuru. Mimi, Evelyn, nilifundisha naye chuo kikuu miaka kumi na minne, ofisi moja, meza zikitazamana. Alimwita mkuu wa idara yetu "mkwe wangu" hadi vikaoni, ilhali mkuu yule hana binti. Mimi alinitangazia siku ya kuzaliwa mara tatu kwa mwaka, ili wanafunzi waniimbie.

Mnyauko, ule ugonjwa unaoua migomba, ulipoingia hapa, tulikuja pamoja kuwaomba mkate migomba iliyougua isiambukize mingine. Nani alikubali? Nilihutubia saa nzima kwa takwimu na picha. Mkaniitikia kwa adabu, mkarudi nyumbani na migomba ikabaki imesimama. Bibi Kokuhirwa alitufukuza kabisa, kwa sababu mgomba wake ulipandwa na marehemu mumewe.

Celestin alivua kofia, akaketi chini, akamwomba bibi amsimulie maisha ya mgomba ule: ulipandwa mwaka gani, ulilisha watoto wangapi, ulitoa ndizi kwenye harusi za nani. Kisha akasimama, akayasema yote kwa sauti ya msibani, kama anayesoma wasifu wa marehemu. Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, halafu akalia, halafu akaingia ndani akatoka na panga.

"Nitaukata mwenyewe," alisema. "Umeniagia mgomba wangu vizuri."

Mimi nilikasirika. Niliona amemdhihaki mjane. Nikamwandikia mkuu wa idara barua ya malalamiko bila kutia jina langu, naye Celestin akazuiwa kwenda vijijini muhula mzima. Nikaja peke yangu, na katika kila kaya iliyokuwa imekata migomba waliniuliza swali moja: yule mwalimu wa utani yuko wapi? Ndipo nilipoelewa kwamba nimemshtaki mtu aliyekuwa akiifanya kazi yetu vizuri kuliko mimi.

Nilirudi chuoni nikamwambia barua ilikuwa yangu.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine huandika 'kwa mujibu wa' mara saba katika ukurasa mmoja? Jumatatu twende wote. Wewe beba takwimu zako."

Tulikwenda, Jumatatu ile na nyingine nyingi, mpaka ugonjwa ulipomlaza mwaka jana.

Ankunda, juzi nilipokuomba ruhusa ya kuyasema haya, uliniambia mumeo hakuwahi kukutajia nani aliandika barua ile. Miaka yote hiyo nimekula mezani kwenu, ukinipakulia kwa mkono wako, naye amekaa pembeni akinitania, na siri yangu ameitunza hata kwako. Watu walimpenda kwa maneno yake. Mimi namshukuru kwa lile moja ambalo hakulisema.

Kwenu nyote mlioacha kazi za shamba mkaja kunisikiliza, asanteni sana.