Aliyeitika Nyuma ya Basi: Maisha ya Bi Mwanakheir Mcha

Kwa Mola tumetoka, na kwa Mola tunarejea. Huu ni wasifu wa Bi Mwanakheir Mcha Kheir, mwalimu, unaosomwa na mdogo wake, Kheir Mcha, katika kisomo cha hitma yake hapa Malindi, mjini Unguja, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025. Familia ilitaka uwe mfupi. Haikuwezekana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Jongowe, kisiwani Tumbatu, mtoto wa kwanza wa Mzee Mcha Kheir na Bi Mayasa Haji. Bi Mayasa aliwafunza wanawe kwamba ukisikia sauti inakuita na mwenyewe humuoni, usiitike mpaka ikuite mara ya tatu, maana asiyekuwa mtu haiti mara tatu. Kheir alilishika hilo. Mwanakheir hakulishika. Akiitwa tu, iwe kutoka jikoni au kichakani, "Naam" imeshamtoka. Alichapwa, akanuniwa, na mama yake akasema sikio la kufa halisikii dawa. Marehemu alijibu kwamba mwenye kuita huenda ana shida, na mwenye shida hangoji hesabu.

Alisoma msingi Jongowe, kisha mwaka 1975 akavushwa kuja mjini kwa sekondari, akakaa kwa shangazi yake. Alipata cheti cha ualimu mwaka 1983, na baadaye shahada mbili Dar es Salaam. Alisomesha Mkokotoni miaka minane, mjini kumi na miwili, na mwaka 2004 akawa mhadhiri wa chuo kikuu. Wanafunzi wake wanasema alikuwa mkali. Nyumbani tunasema wamemhurumia.

Tarehe 2 Agosti 1986 aliolewa na Bwana Mahfoudh Sleiman, fundi wa saa wa hapa Malindi. Siku ya ndoa, sheikh alipofika mlangoni kumuuliza kama ameridhia, desturi ilikuwa bibi harusi anyamaze, aulizwe tena, na tena, ndipo ajibu kwa haya. Marehemu aliitika mara ya kwanza, sheikh hajamaliza jina la bwana harusi. Mashangazi walitaka ardhi iwameze. Bwana Mahfoudh alicheka kwa jambo hilo miaka ishirini na mitano, mpaka alipofariki mwaka 2011.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 2015. Vyuo vikuu vitatu, viwili vya Unguja na kimoja cha Bara, vilikubaliana kusomesha kwa pamoja somo la uongozi wa maadili kwa mabadiliko ya jamii, na yeye akawa mratibu. Waliomjua wanakumbuka alivyohangaika. Wakuu watatu wa vyuo hawakupikika chungu kimoja, kila mmoja akitaka jina la chuo chake litangulie. Marehemu aliwaambia kwamba watu wanaogombea kutangulia kwenye karatasi hawawezi kumfunza mtu kubaki nyuma pamoja na aliye wa mwisho. Somo likaanza.

Kila mwaka aliwapeleka wanafunzi Mangapwani, kwenye kile chumba cha chini kilichochongwa ndani ya jiwe, walimofichwa watumwa baada ya biashara yao kupigwa marufuku. Waliteremka watano watano, wakakaa kimya dakika kumi. Wakipanda, aliwauliza swali moja tu: ungekuwa wewe ndiye mwenye ufunguo wa hapa, ungefanya nini?

Jumamosi tarehe 10 Februari 2018 alikwenda na wanafunzi thelathini na wawili. Walipomaliza waliingia basini, barabarani, mbali na kile chumba, na marehemu akasoma majina. Kila jina liliitikiwa. Alipofika kwa Talal Hisham, kijana wa Shangani, "Naam" ilitoka nyuma ya basi, ya sauti nzito iliyokauka. Basi likaondoka kwenda Kidichi, ambako chakula kilikuwa kinangoja. Sahani thelathini na mbili ziligawiwa, ikabaki moja. Talal hakuwepo.

Waliporudi Mangapwani walimkuta ameketi kwenye ngazi ya mwisho kule chini, kifundo cha mguu kimevunjika. Alikuwa amerudi kuchukua daftari lake, akateleza, na alikaa humo saa moja na dakika arobaini. Hakuwa analia. Alimuuliza marehemu: "Mwalimu, ulinita, nkaitika. Mbona mkenda zenu?" Aliulizwa kama aliogopa akiwa peke yake. Alisema hakuwa peke yake. Kulikuwa na mtu akivuta pumzi karibu naye, na yeye akadhani ni mwenzake.

Wanafunzi thelathini na mmoja waliulizwa mmoja mmoja. Mwanafunzi kumwitikia mwenzake asiyekuwepo si ajabu, kila mwalimu anaujua mchezo huo. Lakini wote waliapa, na wote walisema sauti ile waliisikia, wala haikuwa ya Talal, na kila mmoja alisema ilitoka nyuma yake. Hata Salhiya, aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, alisema ilitoka nyuma yake.

Kamati ya vyuo vitatu iliandika taarifa kwamba mwanafunzi alikiuka maelekezo, na asimamishwe mwaka mzima. Ilibaki saini ya mratibu. Alielezwa wazi kwamba asipotia saini atauacha uratibu, na huenda somo lote likafa. Alikaa na karatasi ile siku tatu. Mdogo wake, aliyekuwa karani wa bandari, alimwambia kuwa bandarini mzigo hauhesabiwi kwa sikio. Marehemu aliichana taarifa ile, akaandika yake: "Nilihesabu sauti, sikuhesabu vichwa. Kosa ni langu." Talal hakusimamishwa. Marehemu aliondolewa uratibu, akabaki mwalimu wa kawaida wa somo aliloliunda mwenyewe, na hakulalamika. Iliuma, lakini hakulalamika. Somo halikufa. Mpaka leo, katika vyuo vyote vitatu, mwanafunzi anahesabiwa kwa kuguswa bega.

Tulidhani yameisha. Lakini kila tarehe 10 Februari marehemu alirudi Mangapwani na Talal, wakateremka chini, akaisoma orodha yote ya mwaka ule, kisha akangoja. Hakuna aliyeitika.

Figo zake zilianza kufeli mwezi Mei 2024, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kuanzia Septemba mwaka huu alianza kuitika. Mchana kweupe, baada ya alasiri, watu wanapiga soga ukumbini, yeye hugeuka na kusema "Naam," na hakuna aliyemwita. Binti yake Arwa alifunga madirisha ya upande wa barabara. Haikusaidia.

Mdogo wake alimkumbusha wasia wa mama, kwamba angoje mara ya tatu.

"Nshangoja miaka saba, Kheir," alisema. "Talal tulimrudia. Yule alowitika hakuna alomrudia. Mimi nlisoma jina, yeye akaitika, nkamwacha palepale."

Kheir alimwambia yule hakuwamo kwenye orodha.

"Ndiyo mana akawitikia jina la mwenziwe," alisema. "Lake hakuna anolisoma."



Bi Mwanakheir alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa kumi na robo alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Arwa anasema aligeuza uso mlangoni, akaitika mara moja, na hakuvuta tena pumzi. Alizikwa Ijumaa, kwenye makaburi ya Mwanakwerekwe.

Na hili limeandikwa kwa sababu yeye angetaka liandikwe. Wakati wa talkini, maiti anaposomewa kaburini, sheikh alimwita kama maiti anavyoitwa, kwa jina lake na la mama yake: Ewe Mwanakheir binti Mayasa. Alimwita mara moja tu. Ikaitika sauti ya mwanamke, na wanawake wetu hawafiki makaburini wakati wa maziko. Nyuma yake ikafuata "Naam" ya pili, nzito, iliyokauka. Sheikh alisita, kisha akaendelea. Tulipotoka, Talal alisimama getini kwa mguu wake wa kuchechemea, akamgusa kila mtu bega. Tulikuwa arobaini na watatu, sawasawa na tulioingia, wanaume watupu, na hakuna aliyekiri kufungua kinywa. Talal alikuja mwisho kwa Kheir, akamshika mkono.

"Mwalimu kashamrudia," alisema.

Marehemu ameacha watoto wawili, Arwa na Nadir, wajukuu watano, mdogo wake Kheir, na Talal Hisham, ambaye sasa ndiye anayelisomesha somo lile. Kule chini Mangapwani hakuacha mtu.

Mola ampokee kwa amani, yeye na aliyefuatana naye.