Njoo na Buti Zako

KICHWA: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, hapa pana mashine!

PROFESA: Hata sauti yangu umeisahau, Kichwa?

KICHWA: Kich— Profesa? Ngoja, usikate! Jamani zimeni hiyo mashine, ni Profesa wangu! Shikamoo, Profesa! Shikamoo sana!

PROFESA: Marahaba, mwanangu. Hujambo?

KICHWA: Sijambo kabisa. Nimeshtuka tu, huku jina la Kichwa lilishazikwa. Huku naitwa Povu.

PROFESA: Povu! [anacheka] Kwa hiyo bado upo palepale nilipokuelekeza, kwenye kuosha magari?

KICHWA: Si ulisema nijishikize hapa kidogo, nafasi ya msaidizi wako inasubiri saini tu? Ndiyo nimejishikiza. Profesa, usinizungushe, moyo unanidunda. Saini imetoka?

PROFESA: Nini? Mtandao unakwaruza—

KICHWA: Nafasi! Ya kufundisha! Saini!

PROFESA: Aa, hiyo. Tutafika huko. Nimekupigia kwa jambo kubwa zaidi. Tuna semina ya hawa wanaomaliza mwaka huu. Inaitwa Matarajio Halisi. Ukumbi mkubwa, wafadhili, kamera. Nataka uzungumze.

KICHWA: Mimi? Jukwaani? Kama msaidizi wa—

PROFESA: Kama wewe.

KICHWA: Kama mimi nani?

PROFESA: Shahada ya uchumi, daraja la kwanza, na hakuona haya kushika sponji. Vijana hawa wamevimba vichwa, Kichwa. Kila mmoja anataka kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Kuanzia chini hawataki. Wakikuona wewe, watashuka.

KICHWA: Watashuka mpaka wapi?

PROFESA: Eeh?

KICHWA: Hamna. Nakusikiliza.

PROFESA: Basi njoo na buti zako. Hizo za mpira. Na aproni. Na usizisugue sana, tope kidogo kwenye picha linasema mengi.

KICHWA: Ninayo suti, Profesa. Ile niliyoivaa chini ya joho. Mama huipiga pasi kila Jumapili, eti utakaponiita nisionekane na mikunjo.

PROFESA: Suti watakuwa wamevaa wao. Wewe vaa buti.

KICHWA: Nakuja, Daktari! Dakika moja! Kapeti nimeshaanika, bado vioo! ... Samahani, ni bosi wetu huyo.

PROFESA: Bado mnamwita Daktari?

KICHWA: Ndiyo jina lake hapa. Ukimuuliza alilipataje, anakukabidhi ndoo. Profesa, nikija na hizo buti, nikasema hayo unayotaka... nafasi nitaipata?

PROFESA: Ile nafasi ilijazwa, mwanangu.

KICHWA: Imejazwa lini?

PROFESA: Ilishajazwa. Mkwe wangu alikuwa anahangaika, na binti yangu ana mtoto mchanga, unajua mambo ya nyumbani—

KICHWA: Mkwe wako? Yule wa shati la maua, aliyekuwa anakaa nyuma? Profesa, yule nilimsahihishia mimi! Alifeli! Nilimfelisha kwa mkono wangu!

PROFESA: Ndiyo. Tukamrekebishia.

KICHWA: Mkamre—

PROFESA: Punguza sauti, kuna watu hapa.

KICHWA: Na hapa nilipo kuna watu! Nilikaa kwenye kile chumba chako kisicho na dirisha nikisahihisha mitihani yote ya darasa langu na ya madarasa ya chini yangu. Wenzangu wanasoma, mimi nasahihisha. Wenzangu wanaomba kazi, mimi nasahihisha. Shule moja ikaniita nikafundishe hesabu, nikaja kukuomba ushauri. Ulikuwa unakula karanga. Ukasema, "Chui hafugwi kwenye banda la kuku." Nikaikataa ile kazi. Mwalimu mkuu alinipigia mara mbili, namjibu kwa maringo kama bwana harusi!

PROFESA: Sikukulazimisha.

KICHWA: Leo ndiwe unayesema vijana wanachagua kazi?

PROFESA: Haloo? Unapotea—

KICHWA: Sipotei! Na siku ya mahafali ulisimama ukasema, "Dunia imewafungulia mlango." Mlango gani, Profesa? Mlango niliofunguliwa mimi ni wa gari, nikafute kiti mtu alipomwaga maziwa!

PROFESA: Ni msemo wa mahafali tu. Hata mganga huwaambia wateja watapona. Sasa tulia. Unakuja au huji?

KICHWA: Nakuja.

PROFESA: Hapo sawa.

KICHWA: Nakuja na buti. Nasimama mbele ya hizo kamera, nawaambia hao wafadhili ni nani aliyekuwa anasahihisha mitihani ya chuo chako.

[Mkwaruzo.]

PROFESA: Sema.

KICHWA: Nitasema! Unadhani naogopa?

PROFESA: Sema, mwanangu. Waambie alama za darasa zima zilitolewa na mwanafunzi. Zifutwe zote. Halafu waambie na za kwako zilitolewa na nani.

KICHWA: Za kwangu ulisahihisha wewe.

PROFESA: [anacheka taratibu] Mimi?

KICHWA: Profesa, usifanye mzaha. Ile karatasi ya mwaka wa pili, yenye maandishi mekundu. "Safi sana. Utafika mbali." Mama ameibandika sebuleni, juu ya redio. Wageni wakija anawasomea.

PROFESA: Mwandiko wake mzuri, sivyo? Herufi zimelala kama zimepulizwa na upepo. Mtazame bosi wako akiandika namba za magari. Ni ule ule.

KICHWA: Daktari?

PROFESA: Nani mwingine? Alikutangulia kwenye kile chumba. Tulikuwa tunamwita Daktari kwa sababu alikuwa njiani kuipata shahada ya udaktari. Mwaka jana yeye ndiye aliyezungumza kwenye semina. Alikuja na ndoo. Akalia kidogo, wafadhili wakapenda sana.

[Maji yanatiririka.]

PROFESA: Kichwa? Upo?

KICHWA: Ananitazama. Ameegemea ile gari nyeupe, ananitazama tu. Nadhani anajua ni wewe.

PROFESA: Msalimie.

KICHWA: Profesa, wewe ni mtu kweli?

PROFESA: Mimi ni mtu mwenye karatasi nyingi na mikono miwili. Alhamisi, asubuhi. Usichelewe. Na nilisahau, mwambie Daktari mwakani nitakuwa na mmoja wa kumletea. Ni binti. Mchapakazi, hana makuu, mama yake mjane. Utamwelekezaelekeza.

KICHWA: Binti gani?

PROFESA: Yupo hapa chumba cha pili, anasahihisha.

KICHWA: Mpe simu.

PROFESA: Ana kazi.

KICHWA: Mpe simu, Profesa! Neno moja tu! Nitakuja na buti, na ndoo, na kulia nitalia, mpe tu—

PROFESA: Haloo? [mkwaruzo] Haloo? Sikusikii. Haloo? Imekatika hii.

KICHWA: Haijakatika! Mimi nakusikia! Haloo!

PROFESA: ...Hapana, mwanangu, ingia tu, hujanisumbua. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Yuko sekta ya usafirishaji, anaendelea vizuri...

KICHWA: We binti! Mdogo wangu! Unanisikia?

PROFESA: ...huyu mpe hamsini, mwandiko wake hausomeki. Eti nini? Nafasi? Nafasi ni yako, wewe piga kazi. Inasubiri saini tu.

KICHWA: Weka hiyo kalamu chini! Toka humo! Daktari, njoo uite na wewe, sauti yangu haifiki! Binti! Weka ka—

PROFESA: ...shule imekuita? Kufundisha? [karanga zinatafunwa] Aa, mwanangu. Chui hafugwi kwenye banda la kuku.

[Simu inakatika.]